Mtu Aliyetusomea Vifo

Siku ile nilipaswa kusema hapana. Mtangazaji alikuja nyumbani kwangu asubuhi, akakaa barazani, akatafuna akamwani niliyomkaribisha, zile punje zetu za kahawa zilizochemshwa na kukaushwa ambazo mgeni hapa Nyanga hanyimwi. Kisha akaniomba karatasi kumi na mbili tupu, zilizogongwa muhuri wa mtaa na kutiwa sahihi yangu chini. Wakati huo nilikuwa mwenyekiti wa mtaa. Redio ya hapa mjini ilikuwa haisomi tangazo la kifo bila barua ya mwenyekiti, na wafiwa walikuwa wanapanda na kushuka kilima wakinitafuta, mara niko shambani, mara niko kwenye kikao.

"Waitu," aliniambia, yaani ndugu yetu, "mfiwa asihangaishwe na karatasi. Nipe chache nikae nazo studio. Akija mtu wako namjazia hapohapo, aende akalie kwake."

Niliona ni jambo la huruma. Niligonga muhuri karatasi zote kumi na mbili, na ya mwisho nikairudia kwa sababu wino ulitoka hafifu. Nilisoma mpaka kidato cha nne. Nilijua karatasi tupu yenye sahihi ya kiongozi ni kitu gani. Siwezi kusema nilidanganywa kwa ujinga.

Sitaeleza Mtangazaji alizaliwa wapi wala ni wa ukoo gani. Mwenyewe alitangaza koo za watu wote isipokuwa ya kwake. Kwetu alikuwa sauti kabla ya kuwa mtu. Kila siku saa saba mchana, kwa zaidi ya miaka ishirini, alisoma vifo vya Bukoba na Muleba, na wakati anasoma hakuna aliyekuwa anakata mgomba wala kukoroga sufuria. Alikuwa na namna yake. Alikuwa anataja kijiji, anataja ukoo, kisha ananyamaza. Kimya hicho kilikuwa kirefu kiasi cha mtu kumeza mate mara mbili. Ndipo analitaja jina. Mke wangu, Mungu amrehemu, alikuwa anasema kwamba katika kimya kile kila mtu Kagera nzima anakagua watu wake kichwani na kuhakikisha wako wote.

Kwa macho alikuwa mtu mfupi mwenye shati la mikono mirefu lililofungwa vifungo mpaka shingoni, hata wakati wa jua kali. Watu waliomwona mara ya kwanza walikuwa wanasikitika kidogo. Mama mmoja wa Kagondo alimtazama kutoka juu mpaka chini akamwambia, "Nilidhani wewe ni mnene." Akajibu kwa sauti ileile ya saa saba, "Mama, unene wote uko kooni." Mama akapiga goti.

Alikuwa na heshima kubwa kwa majina. Kama barua imeandikwa vibaya, alipiga simu kijijini kuuliza jina linatamkwaje. Mara moja alikataa kusoma tangazo mpaka familia ielewane kama marehemu alikuwa na watoto saba au wanane. Waligombana siku mbili, maiti iko ndani, yule wa nane amesimama uani na begi lake. Mwishowe Mtangazaji aliwapigia simu akasema, "Nitasoma wanane. Anayepinga aje studio apinge hewani." Hakwenda mtu. Yule wa nane akapewa sehemu yake ya shamba, na kwa miaka mingi hakuna kikao cha ukoo kilichomgusa. Yeye alikuwa amesomwa.

Hapo ndipo tulipokosea sote, si mimi peke yangu. Taratibu, bila mtu yeyote kuamua, tulianza kuamini kwamba jambo ambalo Mtangazaji hajalisoma halijatokea, na alilolisoma haliwezi kurudi nyuma. Kuna ukoo kule Muleba uliochelewesha mazishi kwa sababu umeme wa redio ulikatika na tangazo halikusomwa. Padri alikuwa amefika, kaburi liko wazi, wao wamekaa. Padri akauliza wanasubiri nini. Mzee wa ukoo akamjibu kwa adabu kwamba marehemu bado hajafa rasmi.

Mtangazaji mwenyewe alilijua hilo na lilimpendeza. "Mtu anakufa kwanza kwa Mungu," alikuwa anapenda kusema akiwa na kibuyu cha rubisi, pombe yetu ya ndizi, mkononi, "halafu anakufa kwangu."

Lakini mtu huyohuyo aliogopa makaburi. Alikuja kwenye misiba mingi, akala ebitoke, ndizi zetu za kupika, na maharage pamoja na wengine, ila jeneza likiinuliwa alikuwa anabaki kwenye viti, akiangalia simu. Na kumbukumbu yake ilikuwa na kasoro ya ajabu. Aliweza kukutajia marehemu wa miaka kumi na tano iliyopita, na wajukuu zake, na parokia yake. Walio hai hakuwakumbuka. Tulijuana miaka kumi na nane na sidhani kama aliwahi kulijua jina langu. Nilikuwa "mwenyekiti". Kabla sijawa mwenyekiti nilikuwa "waitu".

Ni haki niseme na haya. Mke wangu alipofariki, Mtangazaji alikuja kwa miguu kwenye mvua, kwa sababu pikipiki ziligoma kupanda, ili nimtajie majina ya watoto mwenyewe asije akakosea. Alisoma tangazo lile mara tatu, na mara ya tatu sauti yake ilikatika. Siamini kwamba alikuwa anaigiza. Nilipokuwa nagonga muhuri kwenye zile karatasi, nilikuwa nafikiria mvua ile.

Nina mdogo wangu mmoja, Deo. Wazazi wetu walituzaa wawili tu tuliokua. Baba alipogawa, mimi nilipewa kibanja cha juu, na Deo akapewa cha chini chenye nyumba ya zamani na makaburi ya wazee wetu. Deo hakuoa. Alikwenda visiwani huko Muleba kuvua na kuuza dagaa, akawa anahama kisiwa hadi kisiwa na kambi za wavuvi, na mwaka ukipita bila simu yake tulikuwa hatushangai. Migomba yake niliipalilia mimi. Kahawa yake niliichuma mimi.

Siku moja saa saba mchana, niko uani naanika maharage, nikasikia mtaa wetu ukitajwa. Kisha ukoo wetu. Kisha kile kimya. Nikakagua watu wangu: watoto wote wanne wako salama, wajukuu wako shule. Sikumkagua Deo. Akasoma kwamba Deogratias amezama ziwani, na mwili haujapatikana.

Nilianguka pale kwenye maharage. Majirani walinikuta na redio inaendelea na tangazo la mbegu za mahindi. Hakuna aliyeuliza habari imetoka wapi. Imetoka redioni. Nilipiga simu ya Deo, haikupatikana, na hilo likawa uthibitisho. Nikampigia Mtangazaji, akaniambia kwa sauti ya upole kwamba taarifa ilikuja kutoka visiwani na barua yake ipo. Sikuomba kuiona.

Tukaweka matanga. Kwetu mtu asipopatikana tunazika mgomba badala yake, ili roho isitangetange. Vijana wakang'oa mgomba mmoja mzuri, tukaufunga sanda, tukauzika katika kibanja cha Deo karibu na kaburi la mama, tukasimika msalaba wenye jina lake. Nilitoa hotuba. Nilisema ndugu yangu alikuwa mtu wa watu.

Siku ya kumaliza matanga, ukoo ulikaa kuzungumzia kibanja. Mtangazaji akaja, safari hii na mtu wa mjini aliyevaa suti. Akasema imemuuma sana, lakini marehemu alikwishauza kibanja chake kabla ya kuzama, na mnunuzi ndiye huyu. Akatoa karatasi. Ilizunguka kwa wazee mpaka ikafika kwa baba mdogo, mkubwa wa ukoo, ambaye macho yake ni mabovu. Akanipa mimi.

"Mwenyekiti, huu muhuri ni wako?"

"Ni wangu."

"Na sahihi?"

"Yangu."

"Unaikumbuka siku hiyo? Deo alikuja, mkaandikishana?"

Watu kama arobaini walikuwa wananitazama. Sikukumbuka siku yoyote ya namna hiyo. Nilijiambia ni uzee. Nimesaini karatasi nyingi, huenda alipita haraka, huenda nilikuwa na homa. Zaidi ya hapo, mwenyekiti asiyejua alichokigonga muhuri ni kichekesho, na mimi nilikuwa napenda kuheshimiwa.

"Nakumbuka," nilisema.

Baba mdogo akaitikia kwa kichwa. Mambo yakaisha. Ndani ya mwezi mmoja mtu wa suti alikwishakata kahawa yote na kuzungushia uzio.

Deo alipata habari za kifo chake miezi saba baadaye, kambini. Mwenyewe alinisimulia jambo hili siku aliyorudi, siku ya mwisho tuliyozungumza kwa urefu. Mama mmoja mchuuzi wa samaki, mteja wake wa siku nyingi, alikataa kupokea debe lake la dagaa.

"Kwani dagaa wana nini?" Deo akamuuliza.

"Dagaa hawana neno. Wewe ndiye umesomwa."

"Nimesomwa nini?"

"Kifo. Nilikusikia kwa masikio yangu. Mimi sinunui kitu kwa mtu aliyesomwa, utanisamehe, nina watoto."

Deo akamwambia amguse mkono. Akakataa. Wavuvi wenzake wakamshauri asihangaike kubishana na mwanamke wa watu, aende akamuulize aliyesoma. Akapanda boti, akapanda basi, akashuka Bukoba, akaja mpaka kwenye kibanja chake. Akakuta uzio. Akachungulia. Akauona msalaba wenye jina lake, na juu ya kaburi, machipukizi matatu ya mgomba yakiwa yamefika kiunoni, kwa sababu wale vijana waliung'oa mgomba pamoja na kitako chake.

Jirani aliyekuwa anapita na nyasi alisimama, akamtazama Deo, akalitazama kaburi, akamtazama tena. Hakukimbia. Alisema tu, "Basi angalau umeacha watoto."

Kuanzia hapo mambo yalikwenda kasi. Polisi walimchukua Mtangazaji kutoka studio. Ikaonekana Deo si peke yake. Mwanamke mmoja wa hapa aliyehamia Mwanza alitumiwa tangazo la kifo chake kwa simu akiwa saluni anasukwa, na mzee mwingine aliyekuwa kwa binti yake Karagwe alikwisharithiwa mpaka baiskeli. Miaka yote ile ya kusoma vifo ilimfundisha Mtangazaji ni vibanja vipi mwenyewe yupo na vipi mwenyewe yuko mbali na hapigi simu. Alikuwa dalali, na mashahidi wake walikuwa karatasi zetu. Alisomewa mashtaka ya kughushi, kula njama na kujipatia mali kwa udanganyifu. Akakana yote, kwa sauti nzuri sana. Waliokuwapo wanasema hakimu mwenyewe aliinua kichwa.

Hasira ya watu sijawahi kuona mfano wake. Wezi tumewaona, hata wauaji. Lakini huyu alikuwa amewalaza baba zetu. Mwanamume mmoja wa mtaa wetu aliitupa redio yake chooni ikiwa inawaka, ikaendelea kusema humo siku mbili, na familia yake ikawa inakwenda kujisaidia kwa jirani. Kinyozi aliyeandika jina la Mtangazaji juu ya mlango wake alilipaka rangi, halafu akapaka tena kwa sababu lilikuwa bado linasomeka. Kina mama waliokuwa wanampelekea mikungu ya ndizi walifika mahakamani wakitaka irudishwe. Askari akawauliza, ndizi za mwaka gani. Wakasema za miaka yote.

Lakini kubwa lilikuwa hili: watu walianza kuwa na wasiwasi na wafu wao. Kama alisoma uongo kwa watatu, je, wale wengine? Bibi mmoja, mjane wa miaka tisa, alinifuata nyumbani.

"Mwenyekiti, mume wangu alisomwa na yule bwana."

"Nakumbuka, mama."

"Sasa yukoje? Bado amekufa?"

"Mama, ulimzika mwenyewe. Ulimwona."

"Nilimwona," alisema. "Lakini ninaomba asomwe na mtu mwingine."

Hakuwa peke yake. Redio ililazimika kutenga wiki nzima kusoma upya vifo vya zamani, na ikamleta binti mmoja mwenye sauti safi. Watu wakapiga simu kulalamika. Anasoma haraka. Hanyamazi kabla ya jina. Mzee mmoja alisema hewani, "Binti, umemtaja baba yangu kama unataja bei ya nyanya." Na palepale ambapo watoto saba walikuwa wamekuwa wanane, baadhi ya koo zilirudia vikao, watu wakataka tena kuwa saba.

Mimi nilipewa sehemu yangu. Polisi waliniita. Askari kijana akaweka mezani karatasi mbili. Moja ilikuwa ya mauzo. Nyingine ilikuwa barua kwa redio: mimi, mwenyekiti, nathibitisha kwamba Deogratias, mkazi wa mtaa wangu, amefariki.

"Mzee, hii barua ni yako?"

"Muhuri ni wangu. Maandishi siyajui."

"Kwa hiyo ulithibitisha kifo cha mdogo wako, barua ikaenda redio, redio ikakutangazia wewe, wewe ukalia?"

"Ndiyo."

"Ukaweka na matanga?"

"Siku nne."

Aliandika. Akafuta. Akaniuliza kama nina mtu wa kunisindikiza nyumbani.

Nilijiuzulu. Walinifanya shahidi badala ya mshtakiwa, na mtaani hilo halikunisaidia. Mpaka leo nikipita kwenye kijiwe cha pikipiki vijana wanasimama kwa heshima kubwa. "Shikamoo mwenyekiti. Mimi bado nipo hai, naomba uandike." Naitikia marahaba. Nimestahili.

Deo hakunipigia kelele. Siku ile aliyorudi alinisikiliza nikieleza kuhusu karatasi tupu, uzee, barua. Alinywa maji. Kisha akauliza jambo moja tu, je, ni kweli baba mdogo aliniuliza kama naikumbuka siku ya mauzo, na ni kweli nilijibu. Nikasema ni kweli. Akaondoka kwenda Kimwani, akakodi shamba huko, analima mpunga. Anaamini niligawana fedha na wale watu. Nilituma ujumbe, nilituma mjomba wetu, nilituma katekista. Alirudisha jibu moja, kwamba marehemu hana kaka.

Ndiyo maana mwaka jana nilikwenda Kagondo kwa Mtangazaji. Yuko nje kwa dhamana na kesi inaahirishwa kila mara. Nilitaka twende wote Kimwani akamwambie Deo kwamba karatasi zilikuwa tupu nilipompa. Nilijua hata yeye Deo angemsikiliza, kwa hasira zake zote. Sauti ile ina nguvu hiyo.

Nilimkuta amekaa nyuma ya nyumba anamenya ndizi. Amekonda. Shati limefungwa mpaka shingoni kama kawaida. Alinitazama kwa muda, akanitaja kwa jina langu kamili, la ubatizo na la ukoo. Nadhani alilisoma kwenye orodha ya mashahidi.

Nikamweleza nilichokuja nacho. Alimenya ndizi mbili kabla ya kujibu.

"Wakili wangu hataki niongee na watu wa kesi," alisema. "Lakini sikiliza." Akafuta mikono, akanyoosha mgongo, akasoma tangazo ambalo halikuwa limeandikwa popote. Alitaja Nyanga. Alitaja ukoo wetu. Akanyamaza, muda uleule. Kisha akatangaza kwamba Deogratias yu hai, na kwamba kaka yake anamtafuta. Mkewe, aliyekuwa anafagia uani, aliacha kufagia. Mimi nililia kama mtoto, mbele ya mtu aliyeniibia, kwa sababu hakuna aliyewahi kulisema vizuri namna ile.

"Hilo ndilo ninaloweza," alisema, akachukua kisu tena. "Kwenda Kimwani siwezi."

"Utaniambia basi kwamba zilikuwa tupu? Niandikie tu."

"Zilikuwa tupu. Nilizijaza mimi." Alisema bila kuinua macho. "Lakini siku ile kwenye ukoo, mwenyekiti, nilikuwa nimekaa mita mbili kutoka kwako, na roho yangu ilikuwa mkononi. Ulikuwa na neno moja tu la kusema na mimi ningefungwa siku hiyohiyo. Nilikuwa nimeshajiandaa. Ukasema unakumbuka. Mimi nilishangaa kuliko wewe."

Nilimsaidia kumenya zilizobaki, kwa sababu kuondoka ghafla ingekuwa utovu wa adabu, kisha nikaaga.

Kibanja kiko mahakamani na wakili anasema huenda kikarudi. Makaburi ya wazazi wangu yako ndani ya uzio wa mtu mwingine na ninayatazama kupitia waya. Deo ana afya nzuri, nasikia mpunga umemkubali, nasikia amepata mke na mtoto wa kiume ambaye sijamwona. Nilikuwa na ndugu mmoja duniani. Yu hai, na nimempoteza, kwa muhuri niliougonga bila kuuliza na kwa neno moja nililolisema ili nisichekwe.